Boila ya Kuni Milimani: Kabla Fundi Hajashika Chuma

Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na anayelala pale mwezi Februari hana haja na maji ya moto. Ya bombani yenyewe hutoka vuguvugu. Akipanda milima ya Uluguru upande wa Mgeta mpaka Nyandira, zaidi ya mita 1,500, mambo ni mengine kabisa. Kila mita 100 za kupanda hupunguza joto la hewa kwa nusu digrii na ushei, hivyo tofauti kati ya mjini na huko juu hufika nyuzi sita au saba. Kuanzia Juni hadi Agosti, maji ya mserereko yanayoshuka kutoka msituni huuma vidole, na mgeni aliyekuja na fulana moja hutafuta blanketi la pili kabla ya saa mbili usiku.

Baridi hiyo ndiyo inayowafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na waliolala hawaamki kupambana nayo. Habari za familia zilizokutwa zimekufa namna hiyo hurudi karibu kila msimu wa baridi. Kwa hiyo anayeulizia boila ya kuni inayokaa nje, moto na moshi wake vikibaki uani na joto likiingia ndani kwa njia ya maji, ameuliza jambo la maana. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kuuliza ukubwa wa tanki, na hapo ndipo pesa inapoanza kupotea.

Kifaa chenyewe si kigeni Afrika Mashariki. Kambi nyingi za watalii mbugani huchemsha maji ya kuoga kwa pipa la lita 200 lililolazwa juu ya kuta mbili fupi za matofali, moto ukiwaka chini yake: bomba la maji baridi linaingia chini, la moto linatoka juu. Nyanda za juu za Kenya kuna ndugu yake aliyeendelea zaidi, anayeitwa kuni boosta: tanki la wima lenye sanduku la moto chini na bomba la moshi linalopita katikati ya maji, limesimama nje ya ukuta wa jiko, nalo limezoeleka majumbani na shuleni. Na kwenye majimbo ya baridi kali ya Marekani, kama Minnesota na Vermont, kuna boila kubwa kama kibanda zinazopasha maji na kuyasukuma kwa pampu chini ya ardhi hadi nyumbani, yazunguke vyumba vyote.

Hili la kupasha vyumba limalizwe mapema. Uluguru haina theluji. Nyumba ya Nyandira ambayo usiku hushuka kwenye nyuzi 10 au chini kidogo haihitaji mabomba ya maji ya moto sakafuni. Inahitaji silingi bodi, milango isiyoacha mwanya wa vidole viwili, na mapazia mazito. Bati tupu bila dari hutoa joto la jioni lote kabla ya saa tano usiku, na boila yoyote itakayofungwa kwenye nyumba hiyo itakuwa inapasha mawingu. Fedha ya kwanza iende kwenye dari. Boila ibaki kwa kuoga, kufua, kuosha vyombo na kujaza chupa ya maji ya moto ya mzee anayelala na miguu ya baridi.

Baada ya dari, swali linalofuata ni kuni zitatoka wapi. Anayelirukia hilo hununua chuma kizuri kitakachokaa kikiota kutu.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 17 hadi 60 kunahitaji joto sawa na uniti 5 za umeme. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina joto la uniti 4 hivi, lakini joto lote haliingii kwenye maji. Boila iliyotengenezwa kwa akili na kufunikwa vizuri ikikadiriwa kuchukua theluthi moja, lita 100 zitakula kilo 4. Pipa lililolala juu ya moto wa wazi, upepo ukipiga pande zote, litakula mara mbili au tatu ya hizo kwa kazi ileile.

Mtu anayeoga ndoo moja ya lita 20 anahitaji kama lita 11 tu za maji ya nyuzi 60, zilizobaki akichanganya na baridi. Familia ya watu sita, pamoja na vyombo, inatosheka na lita 100 kwa siku. Hizo ni kilo 4 za kuni, karibu nusu tani kwa kila miezi minne. Gesti ni habari nyingine. Mgeni wa shawa anayekaa chini ya maji dakika tano humaliza lita 40, zaidi ya nusu yake ikiwa ya moto. Wageni 20 kwa siku ni zaidi ya lita 400 za maji ya moto, kilo 17 za kuni, na vyumba vikijaa mwaka mzima ni zaidi ya tani 6. Tani 6 za kuni kavu ni lori, tena si dogo.

Lori hilo haliwezi kutoka msitu wa juu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kukata mti humo kwa ajili ya boila ni kosa, na maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam huanzia kwenye miteremko hiyohiyo. Hata kuni halali za kununuliwa zina taratibu zake, na kusafirisha mazao ya misitu kunadai hati. Anayepanga kununua kwa lori amwone ofisa misitu wa wilaya kwanza, Mvomero kwa watu wa Mgeta na Morogoro Vijijini kwa watu wa Kinole na Matombo, kabla hajasimamishwa kwenye kizuizi akiwa na mzigo.

Njia salama zaidi ni miti ya mwenyewe. Mgrevilea ndio unaofaa wengi: hukaa kingoni mwa shamba bila ugomvi mkubwa na mazao, na matawi yake hukatwa mara kwa mara bila kuua mti. Mkaratusi hukua haraka na kisiki chake huchipua tena, ila haufai karibu na chemchemi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za vyanzo vya maji. Kwenye miteremko yenye vijito kila kona, mita 60 hizo hula sehemu kubwa ya shamba.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa mlimani hulijua akishachelewa. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, lukolo, ukihesabiwa upande wa mama. Aliyeazimwa shamba alime mahindi na maharage anakaa kwa amani. Akianza kupanda miti ya kudumu anaonekana anadai umiliki, na kikao kinaitishwa. Aliyepata kiwanja kwa ndoa au kwa mkataba wa mdomo asimalizie boila yake kwa miche 200 ya mgrevilea kabla ya kuongea na wazee wa ukoo na kuandikishana mbele ya serikali ya kijiji. Mzozo wa miti ni mrefu kuliko maisha ya tanki lolote.

Baada ya kuni, moto. Hapa wauzaji wengi wa boila huteleza, na si Afrika tu. Mwaka 1988 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, lilipoweka viwango vya moshi kwa majiko ya kuni ya ndani, boila za nje zilibaki nje ya kanuni. Zikaenea, na majirani wakaanza kulalamika: moshi mzito, mweupe, unaotambaa chini mchana kutwa. Ilibidi kungoja hadi 2015 ndipo viwango vilipozifikia, na ngazi kali zaidi ikaanza Mei 2020.

Sababu ya moshi ule inafaa kueleweka na kila anayempa fundi kazi. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Gesi zake zinahitaji joto la kama nyuzi 600 na hewa ya kutosha ili ziwake. Boila za zamani zilizungushia maji pande zote za sanduku la moto ili joto lisipotee. Lakini ukuta wa chuma wenye maji nyuma yake hauwezi kupita sana nyuzi 100, basi ndimi za moto zikiugusa zinapoa na kuzimika kabla gesi hazijamaliza kuwaka. Kinachobaki hupanda na bomba la moshi, na baadhi yake huganda humo kuwa utando mweusi unaong'aa kama lami mbichi. Utando huo ukikwanguliwa kwa bisibisi hutoka vipande vigumu vyenye harufu kali ya moshi wa nyama. Ni mafuta ya kuni yaliyolipiwa na hayakutumika, na siku moja yanaweza kuwaka ndani ya bomba lenyewe.

Dawa yake ipo na ni ya bei ya chini: moto uwake kwanza kwenye chumba cha matofali, joto likishakomaa ndipo likutane na chuma chenye maji. Ndiyo kanuni ya jiko la roketi, ambalo Mmarekani Larry Winiarski alilibuni mwaka 1982 na ambalo limeenea sana Afrika Mashariki. Matofali ya kuchoma yanapatikana Morogoro kila upande. Yaliyochomwa vizuri hulia kwa mlio mkali yakigonganishwa, mabichi hutoa kishindo cha udongo. Ndani ya sanduku la moto yapangwe kwa udongo wa mfinyanzi badala ya saruji, maana saruji ya kawaida hupasuka kwa joto. Kuni ziingie kwa mdomo mdogo, hewa ipite chini yake, na kati ya moto na tako la tanki kuwe na kimo cha angalau mkono mmoja ambamo ndimi zinanyooka zikiwa bado ndani ya tofali. Fundi akionyesha mchoro ambao moto unalamba chuma moja kwa moja pande zote, huyo anauza tanki zuri na moto mbovu.

Hata chumba bora cha moto hakiokoi kuni mbichi. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Watu hudhani hasara kubwa ni joto la kuyavukiza maji hayo. Kumbe hiyo ni kama sehemu moja kati ya saba. Hasara kubwa zaidi ni kwamba moto unapoa, gesi hazishiki, na boila nzima inarudi kuwa mtambo wa moshi. Kuni zipasuliwe, zipangwe juu ya magogo zisiguse ardhi, paa juu na pande wazi. Zilizokatwa baada ya masika na kupigwa na kiangazi cha Mgeta huwa tayari ndani ya miezi sita hivi. Upande wa mashariki, Kinole na Tegetero, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ratiba hiyo haifai. Huko kuni za mwaka huu ni za kuchoma mwakani, na banda la kuni lianze kujengwa kabla ya boila. Kipimo cha mkono kinatosha: vipande viwili vikavu vikigonganishwa hulia kama vibao, na ncha zake zina nyufa zinazotoka kwenye kiini.

Sasa tanki. Pipa la dukani ni bati la milimita moja hivi na huoza mapema, tena asiyejua lilibeba nini asiliguse. Pipa la dawa za shamba haliwi la maji ya kuoga hata likisuguliwa wiki nzima. Sahani ya chuma ya milimita 3 au zaidi ndiyo ya kuanzia, na chuma cha pua kama mfuko unaruhusu. Viungo vichomelewe ndani na nje. Kwa familia, lita 100 hadi 150 zinatosha. Tanki kubwa kupita mahitaji hupasha maji ambayo hakuna atakayeyaoga, na asubuhi mwenye haraka anasubiri. Lizungushiwe pumba za mpunga zilizoshindiliwa kati ya tanki na ganda la bati, kiasi cha shubiri moja, isipokuwa karibu na sanduku la moto ambako patiwe majivu, maana pumba huwaka.

Usalama una kanuni moja isiyo na mjadala: tanki lisifungwe kabisa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,600 hivi, na isipoipata itajitengenezea. Bomba la pumzi lipande kutoka kichwa cha tanki mpaka juu kuliko tanki la maji baridi, lisiwekwe koki wala valvu, na ncha yake igeuzwe mbali na mlango.

Uluguru ina hatari yake ya pekee hapo, nayo ni maji ya mserereko. Kijiji kinachochota mita 40 juu ya nyumba kinashusha maji yenye nguvu ya angahewa nne. Pipa la lita 200 likiunganishwa moja kwa moja na bomba hilo, kila mfuniko wake unasukumwa kwa nguvu ya tani 10. Halitavumilia. Maji ya kijiji yaingie kwanza kwenye tanki dogo la wazi lenye boya, lililoinuliwa mita mbili au tatu juu ya boila, na ni hilo tanki dogo ndilo lilishe boila. Mabomba ya plastiki ya maji baridi hulainika kwa maji ya moto; mita za mwanzo kutoka kwenye boila ziwe za chuma, kisha bomba la plastiki la PPR, la maji ya moto, liendelee. Na bafuni pawe na koki ya kuchanganyia: maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, ya mtoto haraka zaidi.

Mteremko, kwa upande mwingine, ni mali. Maji ya moto hupanda yenyewe, hivyo boila ikikaa kwenye ngazi ya chini ya mteremko na tanki la kuhifadhia likawa juu yake nyumbani, maji yatazunguka bila pampu. (Ngazi hizi za kuzuia mmomonyoko zina historia chungu: mpango wa kuwalazimisha watu kuzichimba ulizaa vurugu Uluguru mwaka 1955. Leo mwenye kiwanja chenye ngazi hushukuru.) Lakini mteremko una jirani wa chini na jirani wa juu, na bomba la moshi la mmoja hufikia kizingiti cha mwingine. Alfajiri hewa baridi hutiririka kushuka bonde na moshi hulala nayo kuelekea nyumba za chini. Mchana jua likishapiga, upepo hugeuka na moshi hupanda. Kwa kuwa boila huwashwa zaidi alfajiri, mwenye nyumba asimame uani saa kumi na moja siku mbili tatu na karatasi inayofuka, aone moshi unakwenda kwa nani, kabla hajamwaga msingi.

Wapo ambao baada ya hesabu yote hii wataona boila haiwafai, nao watakuwa wameokoa fedha. Kwa umeme wa shilingi 350 hivi kwa uniti, kodi ikiwamo, lita 100 za moto hugharimu kama shilingi 1,750 kwa hita ya kawaida. Anayenunua kuni alinganishe na bei ya kilo 4 mahali alipo, aongeze kazi ya kupasua na kuamka, ndipo aamue. Mtambo wa maji wa jua unafanya kazi vizuri zaidi upande wa Mgeta, wenye mvua chache, kuliko upande wa Kinole wenye mawingu, na Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 za kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge mitambo hiyo. Kwa gesti ya Mgeta, jua likifanya kazi ya kila siku na boila ikabaki ya siku za ukungu, zile tani 6 hupungua sana.

Mwenye shule au hosteli ana la kuangalia zaidi. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa. Mkakati unazungumzia chakula, lakini anayewekeza mamilioni kwenye boila kubwa ya kuni leo aulize halmashauri kwanza.

Atakayeendelea na boila asilipe fedha yote siku ya kukabidhiwa. Tanki lijazwe na lilale na maji usiku mzima bila moto. Asubuhi kila mshono wa kuchomelea upitishwe kidole kikavu. Kisha tanki limwagwe, zipimwe kilo 5 za kuni kavu kwa mizani ya sokoni, lita 100 za maji baridi ziingie, na kipimajoto kitumbukizwe kabla na baada. Kuni zikiisha maji yakawa yamepanda nyuzi 40 au zaidi, fundi amefanya kazi. Yakipanda 20 tu, au moshi ukiendelea kuwa mweupe dakika 15 baada ya moto kushika, arudi kwenye sanduku la moto na urefu wa bomba la moshi, na sehemu ya mwisho ya malipo isubiri jaribio la pili.